Kabla ya Kuchagua Mashine ya Betri, Tazama Uzio Wako

Vijana, mkija kwangu na simu mkononi mkanionyesha picha ya mashine ya betri ya kukatia majani, mkaniuliza, "Mzee, hii nzuri?", nami nikawauliza mna majani gani nyumbani, tafadhali msinune. Wiki hii wamenuna watatu. Mmoja wao ni mwalimu. Aliniambia, "Mzee, mimi nimeuliza mashine, wewe unaniuliza majani." Nikamwambia nimesikia vizuri alichouliza. Akasema basi atamuuliza mtu mwingine. Aende. Mimi nilishawahi kujibu swali hilo haraka haraka, bila kuuliza chochote, na jibu langu nusura limtoe mkwe wangu Masanja jicho. Masanja ni fundi cherehani kule Nyantakara. Fundi cherehani asiyeona tundu la sindano atafanya kazi gani, mtaniambia ninyi.

Ndiyo maana naandika. Mimi si mtu wa vitabu, niliishia darasa la saba, na daftari hili kwa kawaida huliandikia mvua imenyesha lini na kuku yupi ameanza kuatamia. Kuna mambo ya betri ambayo sijayaelewa mpaka leo. Yale niliyoyaona kwa macho nitayasema, na yale niliyoambiwa tu nitasema niliambiwa.

Kazi yangu ilikuwa kutunza uwanja wa nyumba moja ya wageni hapa Rulenge. Niliingia nikiwa kijana wa kufyeka kwa fyekeo la mkono, nikatoka nikiwa na mgongo huu mnaouona. Aliyenipokea ni Mzee Nestori, Mhangaza mfupi, mwenye maneno machache na dharau nyingi. Siku ya kwanza nilichukua fyekeo nikaanza kukata. Akanitazama, akakaa kwenye jiwe, akaniacha. Nilipomaliza kipande akaniuliza, "Umekata nini?"

"Majani, mzee."

"Majani gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimekata ukoka, na katikati yake nimekata miche ya maua ya sista aliyekuwa anasimamia nyumba, na nimegonga jiwe mara mbili, fyekeo limepata pengo. Mzee Nestori akasema kuanzia kesho nitakuja bila kifaa. Siku tatu nilikuwa natembea uwanjani mikono mitupu, namwambia hapa kuna ukoka, hapa kuna mawe, hapa mabingobingo yameshakuwa magumu kama mianzi. Niliona ananidhalilisha. Nakiri kwamba kidogo alikuwa ananidhalilisha kweli, maana aliwaita wapishi waje kutazama. Lakini alikuwa sahihi, na nimekuwa nikimkasirikia kwa usahihi huo maisha yangu yote.

Baadaye ikaja mashine ya mafuta. Sitaisema vibaya, ilifanya kazi. Lakini asubuhi ilikuwa inanitoa jasho kabla haijawaka. Unavuta kamba, unavuta, unafungua plagi, unaifuta, unavuta. Wageni wanatoka na miswaki mdomoni kukutazama. Ikiwaka, nyumba nzima inajua umeamka. Kwa hiyo zilipokuja za betri, nilifurahi kuliko mtu yeyote. Unabonyeza, inazunguka. Hakuna moshi, hakuna kuchanganya oili na mafuta, hakuna kamba. Anayewaambia mashine za betri ni za kuchezea hajazitumia, au alitumia mbovu.

Balaa letu halikuwa mashine. Lilikuwa namna zilivyonunuliwa. Msimamizi mmoja alinunua ya kufyeka, ya kijani. Aliyemfuata akanunua ya kupunguzia maua ya uzio, nyekundu, kwa sababu alisema nyekundu ndizo imara. Halafu mgeni mmoja akatuachia msumeno mdogo wa mnyororo, wa njano, kama zawadi. Mashine tatu, betri za aina tatu, chaja tatu. Betri ya kijani haiingii kwenye nyekundu. Ya nyekundu inaingia kwenye njano nusu, kisha inakwama, ukilazimisha unavunja ulimi wa plastiki. Mimi ndiye niliyeuvunja, tusitafute mwingine. Stoo yangu ikawa kama kibanda cha kuchajia simu siku ya gulio. Na umeme ukikatika unabaki na betri moja iliyojaa, na siku zote ni ya ile mashine usiyoihitaji.

Kwa hiyo la kwanza, vijana, msichague mashine. Chagueni betri. Tafuta betri ambayo duka la karibu nawe linaiuza peke yake, si lazima na mashine, na ambayo inaingia kwenye mashine zaidi ya moja. Ukianza na kijani, endelea na kijani hata kama nyekundu inakuita. Nunua betri mbili, moja ifanye kazi na nyingine ikae kwenye chaja. Na uangalie kama chaja na betri vimo kwenye boksi, maana ziko zinazouzwa mwili mtupu, na nimemwona mtu mzima amekaa nyumbani na mashine mpya mapajani, hana cha kuitia roho.

Nimetoka kwenye habari ya Masanja. Narudi.

Binti yangu Consolata alikuja na mume wake kutusalimia, mvua zilipokuwa zimeanza. Masanja ni Msukuma, kwao ni Shinyanga. Ni mtu mpole, na kwa jinsi alivyolelewa, mkwe ni mtu wa kuogopwa. Ananiambia shikamoo akiwa ameinama, anakaa kiti cha mbali, na nikisema jambo yeye anasema, "Ndiyo baba." Nilikuwa napenda hivyo. Nani asiyependa? Nyumbani kwangu watu wengine wote hunibishia.

Consolata akasema, "Baba, Masanja anataka kununua mashine ya kufyekea. Eneo letu limekuwa pori, na mgongo wake hautaki fyekeo, anainama kwenye cherehani kutwa."

Basi nikaanza. Mngenisikia. Nilieleza volti na ile namba ndogo yenye herufi Ah. Nilisema volti ni kama ubavu wa ng'ombe, na hiyo Ah ni kama tumbo lake, moja inasema anavuta kwa nguvu gani na nyingine inasema atavuta mpaka lini. Nikasema wenye eneo dogo la ukoka wachukue nyepesi ya kutumia uzi wa plastiki, lakini wao wachukue yenye mpini mrefu na mkanda wa begani, inayokubali uzi na kisu cha chuma pia, kwa sababu pori ni pori. Nikaeleza habari ya kuacha betri ipoe kivulini kabla ya kuichaji. Nilisema yote hayo bila kupumua, na nikaongeza na habari ya jirani mmoja aliyenunua mashine ya kupuliza majani makavu wakati uwanja wake ni vumbi tupu, akapuliza vumbi lote kwenye kahawa ya mwenzake iliyoanikwa, wakapelekana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakacheka. Nikanogewa.

Katikati ya maneno yangu Masanja alifungua mdomo. Nakumbuka kabisa. Alisema, "Baba, na ule…" kisha mimi nikasema, "Subiri, sijamaliza," na nilipomaliza sikumgeukia. Akasema, "Ndiyo baba."

Tulikwenda wote Biharamulo mjini kununua. Muuzaji alikuwa mtu wa utani, ana mashine zimepangwa ukutani kwa rangi kama kanga. Nikamwambia nataka kuishika.

"Shika mzee, ila boksi lisifunguliwe."

"Nitaishikaje ikiwa ndani ya boksi?"

"Shika boksi, mzee. Uzito ni uleule."

Nikamwomba aniambie volti ya kweli, kwa sababu kibandiko kilikuwa na namba kubwa kama ya pikipiki. Akacheka. "Mzee, hiyo namba ya nje ni ya kuvutia wateja. Ya kweli iko chini ya betri, maandishi madogo." Kwa haki kabisa, aliniambia ukweli bila kulazimishwa, na alikuwa na betri za akiba, uzi na visu dukani. Mwishowe alifungua boksi moja, Masanja akavaa mkanda, nikamrekebishia mpini mpaka mgongo wake ukanyooka. Alitabasamu. Muuzaji akasema, "Umempata baba mkwe, kaka. Wa kwangu angeniambia ninunue jembe." Ndani ya boksi kulikuwa na miwani ya plastiki ya kukinga macho. Niliiona. Sikusema neno juu yake.

Na sikuuliza uzio wa nyumba yao ni wa nini, wakati nilishafika pale mara nyingi tu. Uzio wao ni minyaa.

Kwa msiokuwa wa huku, minyaa ni ile miti isiyo na majani ya maana, vidole vya kijani vitupu, wenye asili ya Rwanda wanaiita imiyenzi. Unachomeka fimbo, unaondoka, ukirudi kuna uzio. Mbuzi haigusi. Ukiivunja inatoa maziwa meupe, na maziwa hayo yakiingia jichoni yanaunguza. Hakuna mtoto wa Ngara wala Biharamulo asiyejua hili. Tunaikata kwa panga, umesimama upande unaotoka upepo, unakata kwa kushusha, uso umeugeuza, tawi linaangukia mbali nawe. Maziwa yanadondoka chini taratibu. Hata walevi wanajua.

Lakini panga linakata mara moja. Kisu cha mashine kinazunguka kuliko jicho linavyoweza kufuata, na kila kinachokigusa kinarushwa.

Consolata alinipigia saa nne asubuhi, nikiwa nachambua maharage. "Baba, mashine yako imempofusha Masanja."

"Mashine yangu?"

"Uliyomchagulia."

Sikubishana. Alisema Masanja alimaliza kufyeka pori lote, kazi nzuri, majirani wakaja kutazama. Akaona matawi ya uzio yameinamia njia. Akainyanyua mashine mpaka usawa wa kifua, akapitisha kisu kwenye minyaa. Mara moja tu. Akaitupa na kushika uso. Majirani wakajaa na madawa yao, mmoja akaleta mafuta ya kupikia, mwingine akaenda kumwita mama mwenye mtoto mchanga atoe maziwa ya kifua. Consolata akawafukuza wote. Alimlaza chini, akammiminia maji safi jichoni, dumu zima, na jingine, huku Masanja akilia kama mtoto, kisha akampakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Nesi alimwambia yale maji ndiyo yaliyosaidia. Hili liandikeni kichwani: maji safi, mengi, papo hapo, halafu hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Maana yanapungua halafu yanarudi na hasira.

Nilifika hospitali mchana. Njiani nilikuwa najitetea kichwani. Nilisema Masanja ni mtu mzima, minyaa anaijua. Nilisema mashine haina kosa, imekata ilichopewa. Nilisema miwani ilikuwa kwenye boksi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonipa nafuu.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto jekundu na linatoa machozi. Alitaka kusimama anisalimie. Nikamwambia akae.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unaona?"

"La kushoto naona ukungu. La kulia daktari amesema tusubiri."

"Miwani ilikuwa wapi?"

"Watoto waliichukua, baba. Wanaivaa wakicheza mchezo wa bodaboda."

Nikavuta pumzi. "Masanja, wewe si mtoto. Hukujua kwamba ile ni minyaa?"

"Nilijua, baba. Niliona mpini ni mrefu, nikadhani maziwa hayatanifikia." Akafuta machozi ya jicho la kushoto. "Siku ile nyumbani nilitaka kukuuliza. Nilitaka kusema, na ule uzio je, unakatwa na hii?"

"Mbona hukuuliza?"

"Ulikuwa unaongea, baba."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Consolata aligeuka akatazama ukuta, na ninamjua binti yangu, alikuwa na maneno mengi akayameza kwa sababu ya mahali tulipokuwa.

Nimeligawa kosa hili mara nyingi daftarini, na kila mara mgawo unatoka tofauti. Masanja ana sehemu yake, kwa kuinyanyua mashine ile kifuani na kuacha miwani kwa watoto. Muuzaji sioni sehemu yake, ingawa nilijaribu kumtafutia. Mimi nina sehemu kubwa. Nilifundishwa siku tatu mikono mitupu nitazame eneo kwanza, halafu nikamchagulia mtu mashine nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, kwa sababu ananisikiliza vizuri. Na siku hizi mwalimu akininunia, najiuliza pia kama simkaripii yeye kwa kosa langu. Huenda. Lakini bado nitamuuliza majani.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, watu wanakuja na vitambaa vya sare, Consolata anawarudisha. Masanja alikaa ndani gizani kwa sababu mwanga ulimuumiza, dawa ya matone kila baada ya saa chache. Nilikaa nao. Nililiona pori lililofyekwa, na nitasema haki, lilifyekwa vizuri sana, sawasawa kama zulia, na ile mashine ilikuwa imesimama ukutani haina habari.

Sikuwa na kazi, basi nikaufanyia ule uzio kilichotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Panga, upepo mgongoni, miwani ya plastiki niliyomnyang'anya mjukuu. Nilimaliza upande mmoja kwa asubuhi nzima. Mashine ingemaliza kwa dakika chache, na ndiyo shida yake. Uzio wa michongoma au wa maua, sawa, ile mashine ya kupunguzia yenye meno itaukata vizuri. Minyaa, hapana. Haijalishi volti ngapi, haijalishi rangi gani. Na majani yaliyo chini ya minyaa yafyekeeni kwa mkono pia, maana uzi wa plastiki ukigusa shina nao unarusha.

Bandeji ilipotolewa, daktari alimwambia kuna kovu dogo, lakini si katikati. Tulirudi nyumbani, Masanja akafunua cherehani kabla hajakunywa chai. Akachukua uzi mweusi, akaulamba, akausogeza kwenye sindano. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Akafumba jicho la kulia, akajaribu, ukaingia. Kisha akauchomoa, akafumba la kushoto, akaanza upya na lile lililoungua. Alichukua muda. Uliingia. Nilitoka nje nikajifanya natazama kuku.

Hayo yalikuwa ya wakati wa mvua. Juzi wamekuja tena, kiangazi kimeshika, majani hayaoti. Masanja anashona kama zamani, ila mbele ya jua anavaa kofia yenye ukingo. Tulikuwa tunakula, nikamwambia, kwa kuwa ile mashine itakaa miezi bila kazi, ajaze betri mpaka taa zote nne ziwake, ndipo aiweke kabatini. Nimewaambia hivyo watu wengi sana.

Akaacha kutafuna.

"Hapana, baba."

Consolata akakazia macho ugali. Mke wangu akasimama, akaenda jikoni kufuata kitu ambacho hakikuwepo.

"Hapana nini?"

"Karatasi ya kwenye boksi inasema ikikaa muda mrefu isijae. Ibaki nusu, taa mbili. Ikijaa inazeeka."

"Karatasi ile si ya Kichina?"

"Ina picha, baba."

Alikuwa nayo mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Alikuja nayo toka Nyantakara. Alinipa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, lakini alinipa. Nikavaa miwani yangu ya kusomea. Kulikuwa na betri yenye taa nne zimewaka, imepigwa alama ya kosa, na betri yenye taa mbili, imewekewa alama ya vema. Nikaigeuza nyuma, nikatafuta mahali pa kumshindia. Hapakuwepo. Nikawafikiria wote niliowaambia wajaze, hapa Rulenge mpaka Nyabusozi, nikaona itabidi niwapigie simu mmoja mmoja, na baadhi yao watafurahi kupita kiasi.

"Basi ipunguze," nikasema.

"Nilishaipunguza jana, baba," akasema, akaendelea kula.